Kizuri Hutembezwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ya sokoni, na sokoni ina ukweli wake: mwenye samaki waliovuliwa alfajiri hana haja ya kupaza sauti. Lakini kadiri ninavyozidi kuishi na muziki ninaoupenda, ndivyo ninavyozidi kushuku kwamba methali hii haikuviwazia vitu vinavyozaliwa mbali na soko. Santuri iliyotolewa nakala 1,000 na vijana wasiojulikana haijiuzi. Wimbo uliorekodiwa chumbani Leeds au Nairobi na kupandishwa mtandaoni usiku wa manane hauna miguu. Usipopata mtu wa kuuchukua na kuupeleka kwa mwenzake, utabaki pale pale ulipo, hata ungekuwa mzuri kiasi gani.

Kazi ya mtu huyo tunaiita kupendekeza, na kwa kuwa riziki yangu naipata kwa kufundisha Kiswahili, sina budi kukitazama kitenzi hiki kabla ya kukitumia. Mzizi wake ni penda. Kutoka penda tunapata pendeka, yaani kuwa na sifa ya kupendwa. Na kutoka pendeka tunapata pendekeza, yaani kukifanya kitu kipendeke. Anayependekeza, basi, hatangazi mapenzi yake tu. Anajitwika jukumu la kukifikisha kitu kwa mtu kwa namna ambayo mtu huyo ataweza kukipenda, na kwa hiyo lazima awe anakijua kitu na anamjua mtu. Lugha yetu haikuishia hapo. Ukikipa kitenzi hicho kiambishi cha kujirejea unapata kujipendekeza, neno la lawama, ambalo tunalitumia kwa mtu anayetafuta kupendwa yeye mwenyewe. Kati ya maneno haya mawili pana silabi moja tu, na wapenzi wengi wa muziki huivuka bila kujijua: wanakutajia bendi ishirini ambazo hujapata kuzisikia, ili ujue kwamba wao wamekwisha kuzisikia.

Muziki ninaoukusudia hapa ni roki huru, hasa lile tawi lake liitwalo posti-panki. Panki ililipuka Uingereza mwaka 1976 na 1977 kwa kasi na hasira. Waliokuja mara baada yake waliichukua ile ruhusa ya kupiga muziki bila kufuzu, kisha wakauliza maswali mengine. Gitaa likaacha kujaza nafasi yote, likawa linakwaruza na kukatika. Besi ikasogea mbele na kuubeba wimbo, somo walilolipata kwa kiasi kikubwa kutoka kwa rege ya majirani zao waliotoka visiwa vya Karibi. Mwimbaji akazungumza, akalalama, akasoma maneno kama anayesoma tangazo la stesheni. Nao wakaitwa huru kwa sababu ya namna walivyozitoa kazi zao, bila kungoja idhini ya kampuni kubwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Buzzcocks wa Manchester. Mwishoni mwa Desemba 1976 waliingia studio kwa takriban pauni 500 walizokopa kwa jamaa na marafiki, na mwezi uliofuata wakatoa santuri ya nyimbo nne, Spiral Scratch, chini ya jina la kampuni waliyoibuni wenyewe. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Mwaka 1978 kundi la Scritti Politti la London likatoa santuri yake ya kwanza, na juu ya jalada likachapa gharama zake zote: kurekodi, kuitengeneza santuri kiwandani, kuchapa lebo. Jalada lilikuwa risiti iliyowekwa wazi, na kila aliyeisoma aliweza kupiga hesabu na kuona kwamba jambo hili halikuwa mbali na uwezo wake.

Lakini nani angezijua santuri hizo? Hapo ndipo watembezaji walipoingia. Geoff Travis alifungua duka la Rough Trade magharibi mwa London mwaka 1976, mahali ambapo rege na panki zilikaa rafu kwa rafu. Baadaye wasambazaji wadogo wa York, Bristol, Norwich, Liverpool na Edinburgh wakaungana kuwa mtandao uliozifikisha kazi za kampuni ndogo nchi nzima. Na usiku alikuwapo John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 tangu mwaka 1967 hadi kifo chake mwaka 2004, ambaye alipokea kwa posta kanda za watu wasio na jina na akazisikiliza. Mwaka 1978 aliupiga wimbo wa The Undertones, Teenage Kicks, mara mbili mfululizo. Kwa tendo hilo aliliweka jina lake rehani kwa ajili ya vijana wa Derry. Huko ndiko kupendekeza kwa maana kamili ya kitenzi chetu.

Desturi hii haikuwa ngeni kwangu. Nilizaliwa na kukulia Tanga, na katika mtaa wetu lilikuwapo duka la kurekodi kanda. Ulipeleka kanda tupu, ukataja nyimbo uzitakazo, ukarudi jioni kuichukua. Aghalabu nyimbo ulizozitaja hazikutosha kuujaza upande wa pili, na mwenye duka hakupenda kuacha nafasi. Aliijaza kwa wimbo ambao hukuuomba. Hakukuuliza wala hakuuandika kwenye karatasi ya kanda. Ulifika nyumbani, ukasikiliza, na baada ya wimbo wa mwisho uliodhani ndio wa mwisho, ikaanza sauti usiyoijua. Nyimbo nilizozipenda kwa muda mrefu kuliko zote ni hizo za mwisho wa kanda. Yule mzee alikuwa amekwisha kunitazama, akajua mimi ni mtoto wa nani, nasikiliza nini, na nini huenda kikanifaa.

Nilikwenda Leeds kwa masomo ya uzamivu nikivutwa na jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma katika chuo hicho kati ya mwaka 1964 na 1967. Hakuna aliyenidokeza kwamba mwongo mmoja baadaye, katika mazingira ya chuo hicho hicho, wanafunzi wa sanaa na wenzao waliunda Gang of Four, Mekons na Delta 5. Hilo nilielezwa na muuzaji wa santuri kuukuu, mzee mwenye kikohozi, ambaye niliingia dukani kwake kukimbia mvua. Aliniuliza kwetu kunapigwa nini. Nikamweleza kuhusu taarabu ya Tanga, kuhusu Black Star Musical Club na wenzao walioingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, hata besi ikawa ndiyo inayokushika kifuani. Alinyamaza kidogo, akaenda nyuma, akarudi na santuri moja ndogo ya Delta 5 ya mwaka 1979. Akaniambia kundi hili lina besi mbili. Hakusema zaidi.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Angeweza kunipeleka kwenye rafu iliyoandikwa Afrika, kama walivyofanya wengine wengi kwa nia njema. Yeye aliyachukua maneno yangu na kutafuta mahali yanapokutana na kitu chake. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuupenda muziki huu, ingawa ruhusa hiyo nimeulizwa mara nyingi, na zaidi na watu wa nyumbani. Katika harusi na maziara ya Waswahili wa huku hakosekani mtu wa kuniuliza kwa upole: Mwalimu, na makelele haya ya Kizungu umeyatolea wapi?

Swali hilo lilinifikia kwa uzito mwingine pale dada yangu aliponipigia simu kuhusu mwanawe. Kijana alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, amezaliwa Uingereza, amekwenda chuo kikuu katika mji wa mbali, na tangu aende alikuwa akipiga simu nyumbani mara chache, tena kwa Kiingereza kitupu. Alikuwa ameunda bendi na wenzake. "Kaka, zungumza naye," dada aliniambia. "Namwita kwa Kiswahili ananijibu kama mpita njia. Wewe mjomba wake, huenda akakusikia." Nilielewa kilichomsumbua. Hakuwa anahofia gitaa. Alihofia kwamba siku moja angekuwa na mtoto asiyeweza kumwambia neno la maana kwa lugha aliyomlelea.

Nilimpigia simu mpwa wangu, nikamwuliza anasikiliza nini. Alijibu kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "vitu tu". Sikumhubiria. Nilimwambia nina pendekezo, na nikamwekea masharti matatu. Kila Ijumaa kila mmoja wetu amtumie mwenzake wimbo mmoja, usizidi mmoja. Kila wimbo uje na sababu, na sababu isiwe kwamba ni mzuri: iwe ni kwa nini wimbo huu kwa mtu huyu. Kila mmoja aandike kwa lugha anayoitaka, na mimi nitaandika kwa Kiswahili. Alicheka, akakubali, nadhani kwa sababu hakuamini kwamba mjomba mwenye miwani na shahada angekuwa na wimbo wa kumpa.

Wa kwanza niliompa ni ule wa Delta 5, pamoja na habari za besi za Tanga. Wa pili ulitoka kwa Dry Cleaning, kundi la kusini mwa London ambalo albamu yake ya kwanza, New Long Leg, ilitoka mwaka 2021. Florence Shaw, mwenye sauti katika kundi hilo, alikuwa akifundisha sanaa chuoni kabla ya kujiunga na wenzake, na haimbi kwa maana ya kawaida. Anayasema maneno kwa sauti tulivu, kama mtu anayejisomea vipande vya karatasi alivyoviokota mifukoni, huku gitaa nyuma yake likihangaika. Wahakiki wa Kiingereza, wanapotaka kuieleza namna hiyo ya kutoa sauti, huazima istilahi ya Kijerumani. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba sisi hatuhitaji kuazima. Tuna kuimba, tuna kusema, na katikati tuna kughani, na shairi la Kiswahili limeishi hapo katikati kwa karne nyingi. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba mwenzao anayeimba katika bendi yao hawezi kuimba, na kwamba wamekuwa wakiona haya kwa ajili hiyo. Aliliandika neno moja tu la Kiswahili katika barua nzima, kughani, na akalipigia mstari.

Wa tatu nilimpa X-Ray Spex. Nilitaka ajue kwamba Poly Styrene, aliyeongoza kundi hilo na kutoa nalo albamu ya Germfree Adolescents mwaka 1978, alikuwa binti wa baba Msomali na mama Mwingereza. Nilitaka pia ajue kuhusu Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, aliyeisimamia studioni albamu ya kwanza ya The Slits mwaka 1979. Nilikuwa namwandalia hoja dhidi ya mtu yeyote, wa upande wowote, atakayemwambia kwamba muziki huu si wa watu wa sura yake. Palikuwapo watu wa sura yake jukwaani na nyuma ya kioo cha studio tangu siku za mwanzo, na wapo hadi leo.

Naye hakukaa kimya. Wiki moja alinitumia wimbo wa Duma, watu wawili wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hii si posti-panki; ni muziki mkali zaidi, wa kishindo na ukelele, uliotoka katika jamii ya metali ya Nairobi na kukutana na mashine za kielektroniki. Sababu aliyoitoa ilikuwa swali: duma si yule mnyama mwenye mbio? Nilipotafuta nikakuta kwamba wenyewe wameeleza jina lao kwa Kikuyu, ambako lina maana ya giza. Nikamwandikia ukurasa mzima juu ya lugha zetu za Kibantu, jinsi umbo moja linavyoweza kubeba mnyama upande huu na usiku upande ule. Kusema kweli nilikuwa na furaha isiyolingana na jambo lenyewe. Kijana ambaye mama yake alimdhania ameitupa lugha alikuwa amesimama mbele ya neno moja la Kiswahili na kuliuliza maana.

Wiki nyingine akaniletea Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, na wimbo wao uitwao Nyayo House. Alidhani ni jina la hoteli. Hapo palinilazimu kumweleza kuhusu jengo hilo katikati ya Nairobi, na vyumba vya chini ya ardhi ambamo watu waliteswa katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 kwa sababu ya mawazo yao, wengine kwa kushukiwa kuwa na vijikaratasi vya chama cha siri. Nikarudi nyuma zaidi, hadi kwa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu cha Kenya: Twendapi?, akakaa kifungoni miaka mitatu, akatunga humo mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Kijitabu kile hakikuwa na kampuni wala tangazo. Kilipita mkono kwa mkono, na kila mkono uliokipokea ulijua gharama yake. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba anapoisoma ile risiti ya Scritti Politti aikumbuke pia gharama hii, ambayo haipimwi kwa pauni.

Baada ya barua hiyo alinyamaza wiki mbili. Nilipotuma tena, nilituma wimbo niliokuwa nimeuweka kwa muda, nikisubiri siku yake. Ni ule unaoifungua albamu ya Skinty Fia ya Fontaines D.C., iliyotoka mwaka 2022. Hawa ni vijana wa Dublin ambao urafiki wao ulikolezwa na mapenzi ya ushairi, na tangu albamu yao ya kwanza, Dogrel, ya mwaka 2019, mwimbaji wao hakuificha lafudhi ya kwao. Kufikia Skinty Fia walikuwa wamehamia London, na albamu nzima ni ya watu walioondoka. Jina lake lenyewe ni msemo wa Kiayalandi uliokuwa mdomoni mwa bibi mmoja, shangazi wa mzazi wa mpiga ngoma wao, aliyeutumia kama sisi tunavyosema "laana!" mtu akikwaa kidole.

Wimbo huo wa kwanza una kisa. Mama mmoja wa Kiayalandi aliishi na kulea watoto wake Coventry, akafariki na kuzikwa huko. Familia yake ilitaka jiwe la kaburi liandikwe kwa Kiayalandi maneno yenye maana ya "mioyoni mwetu milele". Mwaka 2020 mahakama ya Kanisa la Uingereza iliamua kwamba maneno hayo yasiandikwe bila tafsiri, kwa hofu kwamba msomaji asiyeijua lugha angeyadhania kuwa kauli ya kisiasa. Familia ilikata rufaa, na mwaka 2021 ikashinda. Fontaines D.C. waliyachukua maneno hayo yakawa anwani ya wimbo, wakayarudia na kuyarudia kwa sauti za pamoja kama watu walio msibani, mpaka ngoma na besi zikaja kuyabeba.

Sababu niliyompa mpwa wangu ilikuwa fupi: nakupa huu kwa sababu bibi yako pia alikuwa na lugha. Bibi yake ni mama yangu. Alifariki Tanga wakati kijana ana miaka tisa, na hakuwahi kumwona zaidi ya mara mbili.

Jibu lilikuja Jumapili, na lilikuja kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha mtu anayetembea gizani kwa kupapasa kuta, chenye viambishi vya ngeli vilivyopotea njia, na sikuligusa hata neno moja. Aliniuliza: "Mjomba, kaburi ya Bibi imeandikwa nini? Kwa lugha gani?"

Nilikaa na swali hilo usiku mzima. Kaburi la mama yangu halikuandikwa kitu. Kama makaburi mengi ya watu wetu, lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na anayekwenda kuzuru anajua ni lake kwa kuwa ameonyeshwa na aliyejua kabla yake. Ndivyo nilivyomjibu. Nikaongeza kwamba kwa sababu hiyo lugha ya Bibi haikukaa juu ya jiwe. Imekaa kwa waliomsikia, na mama yake ni mmoja wao. Nikamwomba ampigie simu amwulize Bibi alikuwa akisema nini alipokwaa kidole.

Alimpigia. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba walizungumza saa moja na nusu. Jibu la swali lile lilikuwa "Salale!", neno ambalo mama alilitumia kwa kila kitu, tangu chungu kilichoungua hadi habari za kifo. Sasa upo wimbo wa bendi ile wenye anwani hiyo. Vijana watatu wa Kiingereza wanalipokea neno hilo kwa pamoja, na yule asiyejua kuimba anaghani katikati. Nimeusikia katika chumba cha juu cha baa moja, pamoja na watu wasiozidi thelathini, wengi wao wakiwa marafiki wa wanabendi.

Vyumba vya namna hiyo vinapungua. Shirika la Music Venue Trust lilihesabu kumbi ndogo 125 nchini Uingereza zilizofungwa au kuacha kuandaa muziki wa jukwaani katika mwaka 2023 pekee. Zipo zinazodumu, kama Brudenell Social Club ya Leeds, iliyoanza mwaka 1913 kama klabu ya wafanyakazi na hadi leo inapokea bendi ambazo hazijatoa hata albamu moja. Lakini kijana wa leo anapoutafuta muziki mpya, mara nyingi mlango wa kwanza ni algoriti ya jukwaa la mtandaoni. Sina ugomvi nayo, imeniletea mengi. Inakumbuka kila nilichokipenda, na inaniletea kinachofanana nacho. Isichoweza kufanya ni kuniuliza kwetu kunapigwa nini, kisha ikanyamaza kidogo. Wala haiweki rehani chochote: nikiuchukia wimbo haioni haya, nikiupenda haifurahi. Na ina kizingiti chake. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi wimbo ambao haukusikilizwa walau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Idadi ile ile ya nakala iliyowatosha Buzzcocks kuwafungulia wenzao mlango, leo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya kuhesabiwa.

Ndiyo maana nawasihi wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wenu mna mpwa, mjukuu au mwanafunzi aliyevaa visikizi mezani, mpendekeze, na mkubali kupendekezewa. Toeni wimbo mmoja, usizidi mmoja, na mseme kwa nini huu na kwa nini wewe. Ukiupenda wimbo wa bendi ndogo, ununue kwa wenyewe, kupitia Bandcamp au mezani pao baada ya onyesho, ili nao wapate nauli ya kufika mji wa pili. Na kijana akikuletea makelele, yasikilize hadi mwisho kabla ya kuuliza ameyatolea wapi.

Mwezi uliopita dada yangu alimwambia mwanawe: nami nitumie mmoja. Kijana alitafakari siku nne. Hatimaye alichagua wimbo wa Big Joanie, kundi la wanawake weusi wa London lililoanza mwaka 2013, kutoka albamu yao ya kwanza, Sistahs, ya mwaka 2018. Sababu aliiandika kwa Kiswahili, na dada akanisomea kwa simu kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya posa: kwamba mwimbaji wa kundi hili aliliita bendi yake kwa jina la mama yake. Nilimwuliza ameuonaje.

"Makelele," akasema. "Lakini nimeusikiliza mpaka mwisho, na nimemwambia alete mwingine."